Kokoto za Marafa

Mbeyu huingia korongo la Marafa jua halijachoma,
ndoo ya rangi mkononi, msumari wa inchi sita.
Mvua ya jana imeosha kuta;
kila punje inang'aa, kila punje inaapa ni yakuti.

Huu ulanga. Hiki kigae cha chupa ya soda.
Hili... analilamba, analiinua juani:
chumvi ulimini, maziwa ndani ya jiwe.

Mnunuzi wa Malindi atalipima kwa jicho moja,
aseme, "Kokoto tu, mama. Hamsini."

Anayo mengine kumi na saba chini ya kitanda,
hayo hayauzwi.
Usiku hushika moja mbele ya koroboi,
na ukutani, juu ya kalenda ya mwaka juzi,
hutua kitu cheupe
kama unyoya wa yangeyange.