Pambizo la Daftari

Kila saa moja asubuhi naisoma rula ya bwawa,
ubao wa nyekundu na nyeupe uliosimama majini
kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.
Naandika: mita tatu, nukta sifuri tisa.
Naandika: upepo, mashariki. Mawimbi, madogo.
Ofisi haitaki zaidi ya hapo.

Lakini daftari lina pambizo, nami nina biki.

Pambizoni naandika kwamba mawimbi ya Hombolo
hayafiki goti la mbuzi.
Hayangurumi. Yanalamba tu, yanalamba,
ndama na jiwe la chumvi,
na tangu Juni, upepo mkavu ulipoanza kusukuma,
yamekula hatua nne za shamba la Ndahani.
Mizabibu mitatu inaning'inia ukingoni, mizizi nje.

Anataka nimwandikie barua.
Nimwandikie nani? Upepo hauna sanduku la posta.

Ng'ambo ile, mto unapoingia, mambo ni kinyume:
kule ardhi inazaliwa.
Kinyasungwe Ndogo hulala miezi minane, mchanga mtupu,
watu wakifukua visima vya kata moja moja,
pikipiki zikikatiza tumboni mwake.
Kisha usiku mmoja wa Desemba tunausikia ukikohoa huko juu,
na kukicha umeshafika, mwekundu,
na magogo, na povu, na kandambili ya mguu mmoja.
Ukigusa maji yaliyotulia, unachoka.
Unatua mzigo:
kokoto palepale mlangoni,
mchanga hatua chache mbele,
tope jepesi ndilo linaloogelea hadi katikati
na kushuka taratibu, kutwa nzima,
unga wa uwele ndani ya maji ya uji.

Mwaka juzi pale palitegwa nyavu.
Mwaka jana, matete.
Mwaka huu Sechelela kapanda vitunguu,
na kitongoji kimeitana kikao:
ardhi mpya hii, ni ya nani?

Mimi najua ni ya nani.

Bibi yangu Mbeleje alilima kule juu, Chihanga, mtelemkoni.
Korongo lilianza kwa njia ya ng'ombe, upana wa kwato mbili.
Akaliruka.
Masika yaliyofuata akaliruka kwa kukimbia.
Akalaza gogo. Gogo likaenda.
Alipofariki, lilikuwa limebakiza jiko,
na sisi tukalibakizia.

Juzi, kati ya matuta ya vitunguu, nimeokota kigae:
mistari ya ukucha, mitatu mitatu, ikiinamia kushoto.
Bibi alitumia mkono wa kushoto.
Nimekitia mfukoni.
Kikaoni nilikaa nyuma, sikunyoosha mkono.

Bwana mmoja wa ofisi ya bonde alinifungulia ramani
juu ya boneti ya gari.
Mto huu, akasema, ukishavuka tuta unabadili majina njiani,
Mkondoa, halafu Wami,
mpaka baharini.
Na huko, akasema, fukwe zinakonda,
bahari inachukua kila siku na hailetewi,
maana chakula chake kimezuiliwa huku bara
nyuma ya kuta kama hii yako.

Hii yangu!
Mimi bahari sijaiona hata kwa kupita.
Sikujua kwamba kuna mahali mnazi unaanguka
kwa sababu Mbeleje amelala hapa.

Leo asubuhi nimeingia maji hadi kifuani
nikasimamisha fito kwenye mguu wa rula.
Ubao unasema vilevile: mita tatu, nukta sifuri tisa.
Nimeandika hivyo, kwa mwandiko mzuri, mahali pake.

Pambizoni:
fito imezama mita mbili tu.
Iliyobaki ni Bibi.