Hesabu ya Somoe

Ufunguo wa gari unaning'inia msumarini
tangu korosho za mwaka jana zilipopigwa mnada.
Kuku wa Somoe anaatamia mayai kiti cha nyuma;
sikumfukuza. Angalau yeye analitumia.

Mimi nasimama kituoni Mikindani
saa kumi na mbili na robo, viatu mkononi siku za tope,
nauli nimeikunja ndani ya kiganja.

"Bwana Chilumba, umefulia?"
Nangumbi ananiuliza, kioo kakishusha nusu,
mshale wa mafuta yake umelala chini kabisa.
Nacheka. Sina la kumjibu, nina daftari.

Jioni Somoe ananipigia hesabu:
mafuta ambayo hatukununua, elfu kumi.
Toa nauli, kwenda na kurudi.
Toa muhogo wa kuchoma niliokula stendi
(huo nilitaka kuuficha).
Kinachobaki anakitia kopo la maziwa,
na kopo halisemi.

Leo mvua imeshuka Mtwara nzima.
Tumelala chini ya bati jipya, bando mbili,
na juu yetu kunanguruma, kunanguruma,
wala tone haliungui,
wala tone halivuji.