Namba

Kijana muuza vocha wa Barabara ya Kumi na Tatu
ameniomba namba.
Kaiomba kwa upole, kichwa kakilaza upande
kama anayeomba maji ya kunywa.

Neno hili tuliletewa na Waingereza,
nao walilitoa kwa Wafaransa,
nao Wafaransa walilirithi Roma, kwa watu waliohesabu
askari, watumwa, mitungi ya mafuta.
Sisi tulikuwa na idadi, tulikuwa na hesabu
(hizo nazo za Mwarabu, sijidai),
lakini namba ilipofika Tanga haikuja kuhesabu tu.
Ilikuja kuita.

Babu yake mama alitoka Kasulu na jina refu:
Ntiruhungwa.
Kwa Kiha, kifo hakikimbiliki.
Treni siku mbili, lori siku moja na nusu,
kisha meza chini ya turubai
na karani mwenye kalamu ya risasi
aliyeandika Nti, akafuta, akaandika tena,
akachoka,
akaandika 386.

Kipande cha 386. Kisu cha 386.
Akilala na homa: 386 hakutokea.

Watu wa mjini wakatia ma- mbele, wakapata manamba.
Si wa-, ile ya watoto, ya wageni, ya wakwe.
Ma-, ya magunia, ya majani ya mkonge.
Mwalimu Shekalaghe atanisahihisha:
hata mabwana wana ma-.
Kweli, mwalimu. Ngeli moja, shamba moja,
ila sahani mbalimbali.

Nikirudi na vumbi hadi kwenye kope
shangazi, dada yake baba, alifoka: "Kama manamba!"
Mama aliendelea kuchambua mchele.
Nilidhani hakusikia.

Ukubwani nikafungua kamusi iliyochanika jalada.
Kumbe Kiingereza chenyewe kina siri:
herufi zao zilezile sita, zisome kwa sauti nyingine,
zinasema: aliyekufa ganzi zaidi.
Maneno mawili yasiyo ndugu,
yamekutana tu kwenye karatasi.
Nikakumbuka alivyosimulia mama,
jinsi mzee yule alivyoshika bilauri ya chai inayochemka
asishtuke,
vidole vilivyokatwa na miiba na kulambwa na utomvu
miaka ishirini na mmoja.
Ganzi zaidi kuliko nani,
kamusi haikusema.

Kijana bado anangoja, dole gumba juu ya kioo.
"Sifuri saba," naanza,
kisha nasita.
"Andika jina kwanza. Ntiruhungwa."
Si langu. Hakuna aliyelitumia tangu azikwe.
Anaandika Nti, anafuta, anaandika tena.
"Dada, linaandikwaje hili?"
Nyuma yangu mama mwenye ndoo ya dagaa anaguna,
ana haraka ya vocha ya buku.
Namtajia kijana herufi moja moja.
Kwenye u ya pili anakosea.
Narudia.