Kuanzia Tatu, Isifike Nne

Saa nne kasoro robo usiku, Lochee, pembeni mwa Dundee,
mvua haianguki, inapita ubavu ubavu
kama mtu asiyetaka kusalimia.
Simu ya Eilidh: Tatu, ghala la chakula halifunguki.
Si mlango. Ufunguo wa mlango anao.
Ni ukurasa wa zamu, pale watu wanapochagua saa
ya kuja kuchukua mkate, maharage ya kopo, nepi.
Kesho Jumamosi. Majina sitini na moja yamo ndani,
na skrini nyeupe kama bakuli lililolambwa.

Naketi jikoni, soksi mbili mbili,
bili ya gesi nimeifanya kitako cha kikombe.
Nafungua faili ile fupi, niliyoiandika mwenyewe
mwaka nilipofika, vidole bado vina ganzi:
kiunzi, toleo la tatu, au lolote litakalofuata.

Lolote!
Nani alinifundisha kuandika lolote?
Hata posa haiandikwi hivyo.
Bwana Petrie mwenye nyumba, na ukarimu wake wote,
aliandika mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka,
kisha akaongeza kwa kalamu: paka hapana.
Mama yangu, aliponizaa mimi wa tatu,
alimwambia mkunga, basi.

Toleo la nne limetoka Jumanne.
Waliolitoa hawana kosa, walitangaza:
mlango wa mbele tumeuziba, piteni uani.
Programu-jalizi yangu, mistari mia tisa
inayojua kugawa saa na kukumbusha tu,
ilijisasisha, ikaenda pale pale ilipozoea,
ikapiga hodi ukutani.

Waliosema mtegemea cha nduguye hufa maskini
hawakuiona orodha yangu.
Ndugu mia tatu na kumi na wawili,
na ndugu wa ndugu.
Mmoja yuko Moncton, hajajibu barua tangu Machi.
Mmoja kazi yake maisha yote ni kusoma tarehe;
akipiga chafya yeye, leso natafuta mimi.

Niliwahi kujaribu kinyume chake, kwa woga:
tatu nukta mbili nukta saba, hilo hilo, si jingine.
Kila kitu kikatulia.
Kikatulia kama maji ya ndoo.
Tundu likaonekana, wezi wakalijua, kiraka kikatoka,
tatu nukta mbili nukta nane,
nami nilikuwa nimeikataza hata dawa kuingia.

Kwa hiyo leo naandika polepole, Eilidh akipumua sikioni:
kuanzia tatu nukta mbili nukta nane, isifike nne.
Isifike. Sijasema isije kamwe.
Nimesema sijaijua bado.

Na hapo kidole kinasimama juu ya kitufe.
Kibali changu cha kuishi hapa nacho ni mstari kama huu:
kuanzia tarehe hii, isipite ile.
Nimeuchukia miaka minne.
Sijui aliyeuandika aliogopa nini,
kama aliwahi kunijaribu, hata mara moja,
kama kuna mahali ameandika kwamba atarudi kuusogeza.
Labda naye alikuwa jikoni, usiku, na mtu kwenye simu.
Labda hapana.

Nabonyeza. Majaribio yanapita moja moja,
kijani, kijani, moja linasita, kijani.
Imefunguka, anasema Eilidh, na birika lake linapiga mluzi nyuma.
Anaanza kunisomea majina bila kuombwa.
Wa kwanza, Bibi Geddes na wajukuu wawili,
saa tisa asubuhi.
Saa tatu, nasema.
Ndiyo, Tatu, nakusikia, anasema.

Nyuma ya bili ya gesi naandika:
Jumapili, nikishafua, jaribu nne.