Namba Arobaini na Moja

Februari, chini ya bwawa la Hale,
tulivua perege sitini, tukawavisha vipini vya plastiki,
vya manjano, kila kimoja na namba yake,
tukawarudisha mtoni bila kuwaaga.
Machi tukatega tena. Wakanasa arobaini;
ishirini na wanne walikuwa na vipini.
Hesabu ya darasa la saba: zidisha, gawanya.
Mia moja.
Mia moja tu, mto mzima ule
unaozungusha mashine za umeme usiku kucha.

"Labda wengine wamejificha," alisema Sekiboko,
mshika kasia wetu, asiyeamini kikokotoo.
Nikamjibu kwamba hesabu inajua kujificha ni nini.
Haikujua.

Ofisini Korogwe, feni ikilalama,
nikaandika: wanaozaliwa, toa wanaokufa.
Nikaandika sato waliotoroka mabwawa ya watu siku ya gharika
wakaja kuoana na perege wetu,
nikakwama: chotara nimhesabu nusu?
Mchoro ukateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
anapapasa kwa mguu kidato ambacho hakipo.

Jumanne, sokoni Manundu,
binti wa Mama Nakiete, muuza samaki wa kukaanga,
kaning'iniza sikioni hereni moja ya manjano:
041.
Kwenye daftari nilikuwa nimemwandika "hajulikani alipo".

"Alikuwa jike," mama akasema, akigeuza vipande kikaangoni.
"Alipotolewa wavuni alitema vitoto mchangani,
vingi, kama mtama uliomwagika.
Baba yake huyu akavizoa kwa viganja, akavirudisha.
Vikawa vinazunguka tu pale ukingoni,
vinatafuta mdomo."

Sikumwuliza leseni.
Usiku nikafungua safu ya vifo: 041, moja.
Perege jike hulea kinywani. Wiki nzima na zaidi hali,
saumu isiyosubiri mwezi kuandama,
na mimi nilimtoa kama moja.
Nikafuta. Kidole kikabaki hewani.
Mtama uliomwagika, nani aliuhesabu?

Kwenye mkutano wa kijiji nilisoma pendekezo:
mto ufungwe, Machi hadi Mei, wapate kulea.
Watu wakanyamaza. Mama Nakiete akasimama,
mafuta bado yananukia kwenye kanga yake.
"Sawa, bwana samaki. Mto ufunge.
Na sisi, miezi mitatu, tufunge?"

Nikatazama karatasi, herufi zangu zote zimepangwa.
Yake haikuwemo.
Sekiboko akanisogezea kalamu.