Dakika ya Kumi na Nne

Tulipanga ghala la vifungo, Barmen, kando ya mto,
baridi ya mwaka sabini na tatu. Juu ya maji
treni ilipita ikining'inia kama popo,
na kila ilipopita, vifungo vilivyosahauliwa sakafuni
vilitetemeka, vikasogea, vikatafuta koti.

Ewald alikuwa mfumaji wa riboni. Miaka minane
mashine ilimwambia neno moja, lilelile,
na siku kiwanda kilipomwachisha kazi
alitoka nalo mguuni.
Hakujua kupiga ngoma kwa madaha.
Alijua kwenda.

Twende, twende, tusifike,
njia haina mwishowe,
wayo usipumzike,
kasi isibadilishwe.

Friedhelm, besi: noti mbili tu,
kama mtu atafunaye huku akiwaza jambo jingine.
Anselm alikuwa na kinanda cha kanisa lililofungwa,
amekichokonoa nyaya zake hadi kikawa kinalia
kama birika linaloota ndoto.

Mimi nilishika penseli.
Usicheke. Utepe ulitoka kwenye mashine ya kurekodia,
ukavuka chumba, ukaizunguka penseli yangu, ukarudi;
kila sauti iliyoingia ilirejea
imezeeka kidogo, imepoteza jino.
Kazi yangu: nisitikisike.

Dakika ya tisa kuta zikaondoka.
Sisemi hatukuvuta kitu.
Nasema dari lilifunguka taratibu kama kifuniko cha sufuria,
na ghala, na majiko yake mawili ya makaa, likapaa
pale pasipo juu wala chini,
na Dunia niliiona: kifungo cha buluu
kilichobaki na uzi mmoja.

Twende, twende, wala kando
tusitazame nyotani...

Mlango.
Bwana Dornseif, theluji kofiani, daftari kwapani.
Alivuta pumzi, akalisema neno alilolijia:
"Kodi!"

Kodi, ukasema utepe.
Odi.
Odi, odi.
...odi.

Ewald hakusimama. Ewald hakujua kusimama.
Mwenye nyumba akaisikia sauti yake ikimrudia kutoka darini,
mara nne, mara saba, kila mara ikiwa mbali zaidi,
akavua kofia.
Akaketi juu ya kreti la bia
mpaka upande wa santuri ukaisha.
Kisha akaondoka bila kuaga, na hakudai tena.

Nakala mia tatu. Nyingi zilioza stoo kwa Anselm.
Lakini chache zilisafiri, na miaka ilipopita
wakaanza kuja vijana, mmoja kutoka Osaka,
wawili kutoka Lyon, macho yamewatoka:
"Dakika ya kumi na nne, mama,
yule anayebisha hodi kutoka nyuma ya nyota,
mlimpata wapi?"
Mmoja alichora ramani ya njia aliyopita.
Tukawamiminia kahawa. Hatukuwasahihisha.

Vuli iliyopita akaja mwanamke wa makamo,
santuri ameifunga kwa skafu kama mtoto mwenye homa.
Mechthild Dornseif.
Baba yake, alisema, alimwachia picha mbili
na daftari la hesabu. Sauti, hakuna.
Mtu wa zamani, hakupenda simu.

Nikaweka sindano mwanzo kabisa.
Alitaka niirushe mbele; nikakataa.
Safari ile huwezi kuidandia katikati.
Tukakaa, magoti yakaanza kutii,
yake kwanza, kisha yangu, mabovu haya,
na dakika kumi na tatu tukawa bibi wawili
wanaokwenda mahali wakiwa vitini.

Kodi.
Odi. Odi...

Akaziba mdomo kwa kiganja.
Nami nikauona mkono wangu umeinuka peke yake,
vidole viwili vimebana penseli isiyokuwapo,
umekakamaa, hauthubutu.

Baadaye akajifuta, akatoa daftari mkobani,
akapekua, akanionyesha mstari kwa ukucha:
"Mnadaiwa miezi mitatu."
Hakutabasamu. Kisha akatabasamu.
"Tena," akasema.

Nikairudisha sindano mwanzo.