Namba Kumi na Saba

Ameifunga kwenye leso, leso ndani ya bahasha,
bahasha ndani ya daftari la hesabu.
Anaiweka mezani kama mtu anayeweka yai.
"Shangazi, nimeambiwa wewe ndiye unayezijua."

Nani kakwambia?
Lakini mkono umeshaifuata lenzi.

Barabara ya Nane, Ngamiani, saa nne asubuhi.
Cherehani ya jirani inakimbia, inasimama,
na mimi, Mwajabu binti Singano,
miaka kumi na tisa mkata karatasi wa kiwanda cha chapa,
namwinamia golikipa.

Kadi za pakiti za chai. Ishirini na nne kwa seti.
Watoto wa Makorora walikunywa chai mpaka wakakojoa kitandani
ili wampate huyu: Mndolwa, jezi ya kijani,
mpira kifuani kama mtoto aliyeopolewa kisimani.
Kisha Mndolwa akavuka Horohoro kwenda kuchezea Mombasa,
na bosi akasema bamba la namba kumi na saba livunjwe.
Ndiyo maana leo Hozza, fundi simu,
ameuza pikipiki ili ainunue.

Anataka neno moja tu.
Mnunuzi yuko Dar, neno likitoka analipa.

Nanusa.
Wanaozeesha karatasi kwa chai ya rangi
husahau kwamba chai hunukia;
na kadi ya chai, ajabu yake, hainuki chai,
inanuka mafuta ya taa na gundi.
Hii inanuka mafuta ya taa.
Naugonga ukingo kwa ukucha: tak, si tap.
Ndani ya lenzi, vitone: njano, nyekundu,
na buluu iliyohama unywele mmoja kushoto,
hata Mndolwa ana sikio la pili, la buluu,
sikio ambalo hawa wa kompyuta
hulisahihisha, maskini, wakidhani ni kosa.
Hili lipo.

Kijana anashusha pumzi.
Mimi bado nimezishika zangu.

Kona ya chini ina pengo, dogo kuliko punje ya mtama,
na pengo hilo ni la kisu changu,
kisu kilichogonga pini usiku wa Jumanne,
wiki mbili baada ya amri.
Niliambiwa nilivunje bamba. Nilikuwa sijalivunja.
Mdogo wangu Kiluvia alikuwa Bombo, wadi ya watoto,
shingo imekakamaa kwa homa,
na chini ya mto ana ishirini na tatu.

Nikachapa saba; mashine ikishapata moto
haikubali kuchapa moja.
Moja nikampelekea.
Sita nikaziuza wiki ile ile,
sanda hainunuliwi kwa machozi.
Sijui hii ni mojawapo ya zile sita
au ni ile ya chini ya mto,
iliyoondoka na shuka za wadi.

Sasa niambieni, nyinyi wenye vipimo:
karatasi ile ile, wino ule ule,
mkono huu huu uliokata zile za mchana.
Kilichopungua ni ruhusa.
Ruhusa huonekana kwa lenzi ya ukubwa gani?
Wahenga walisema kitanda hakizai haramu.
Je, mashine?

"Shangazi, ni yenyewe?"

Naigeuza. Nyuma, chini ya tangazo la majani ya chai,
dole gumba la buluu, limefifia,
dole la msichana aliyekuwa na haraka,
kabla kisu hakijaliachia kovu.
Nalifunika kwa langu. Linaenea.

"Imechapwa hapa," nasema. "Hilo naliapia."
"Hapa Tanga?"
"Hapa."

Anaandika upesi, ulimi nje kama mwanafunzi,
ananisogezea kalamu nitie sahihi.
Kuandika najua, tena mwandiko wangu mzuri.
Lakini namwambia avuke kwa fundi mihuri, alete kidau cha wino.
Nitaweka dole gumba.
Mwenye macho alinganishe.